Nta Isiyong'ang'ania Kalibu: Namna ya Kutoa Mishumaa na Vikeki vya Manukato Vikiwa Vizima

Subira yavuta heri, walinena wahenga, na mwenye kuijua kazi ya nta hahitaji kuambiwa mara mbili. Wengi wanaojaribu kutengeneza mishumaa nyumbani hudhani kwamba shida iko mwisho wa kazi, pale mtu anapoipindua kalibu, akaigonga mezani, akaigonga tena, kisha akachukua kisu. La hasha. Nta itatoka nzima au itatoka vipande vipande kwa mambo yaliyotendeka zamani kabla ya hapo: namna kalibu ilivyochaguliwa, ilivyosafishwa, namna nta ilivyoyeyushwa, ilivyomiminwa na ilivyoachwa ikapoa. Mkono unaovuta mwishoni hauna uwezo wa kusahihisha yaliyokosewa mwanzoni.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya familia za askari na polisi, hasa zile za Rebero na vilima vinavyouzunguka mji wa Kigali, ambazo zingependa kujifanyia kazi hii ndogo ya mikono. Nyumba yenye jiko, sufuria mbili, mizani ya jikoni na kilo chache za nta yaweza kutengeneza mishumaa ya kutumia umeme unapokatika, na pia vikeki vya nta vyenye manukato. Vikeki hivyo havina utambi. Kimoja huwekwa katika kibakuli kinachopashwa moto kwa mshumaa mdogo uliowekwa chini yake, nacho huyeyuka polepole na kueneza harufu chumbani, mfano wa udi katika chetezo, ila bila moshi.

KWA NINI NTA HUNG'ANG'ANIA

Nta ikiwa majimaji huchukua nafasi kubwa kuliko nta iliyoganda. Inapopoa husinyaa, na ujazo wake hupungua kwa takriban sehemu moja katika kumi, na kwa nta nyingine zaidi ya hapo. Kusinyaa huko ndiko kunakoibandua na ukuta wa kalibu. Basi kazi yote ya mtengenezaji ni moja tu: kuiachia nta isinyae bila kizuizi. Kila kosa tutakalolitaja hapa chini ni kizuizi cha namna fulani.

Nta hazilingani kwa tabia. Parafini, ambayo hutokana na mafuta ya petroli, husinyaa vizuri, nayo ndiyo rahisi kuliko zote kutoka katika kalibu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, nayo ina unato. Hupenda kushikamana na chochote inachokigusa. Kwa sababu hiyo mafundi wa Ulaya wa zamani, waliotengeneza mishumaa ya nta ya nyuki kwa makanisa, aghalabu hawakuimimina katika kalibu. Walining'iniza tambi na kuzimwagia nta kwa upawa mara nyingi, hata mshumaa ukanenepa. Nta ya soya nayo ni laini na husinyaa kidogo sana, kwa hiyo yafaa zaidi kwa vikeki vidogo katika kalibu zinazopindika kuliko kwa mishumaa mirefu.

Dawa ya ukaidi huu ilipatikana katika karne ya 19. Mwanakemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyachunguza mafuta ya wanyama na kutenga humo kitu kigumu, cheupe, kiitwacho stearini. Mwaka 1825 yeye na mwenzake Gay-Lussac walipata hataza ya kutengeneza mishumaa kwa kitu hicho. Stearini ikichanganywa na parafini huifanya iwe ngumu zaidi na isinyae zaidi, na hivyo itoke kwa urahisi. Mwaka 1834 Mwingereza Joseph Morgan alibuni mashine iliyoisukuma mishumaa nje ya kalibu zake kwa pistoni mara ilipokwisha kuganda. Msomaji ataona kwamba hata viwanda vilipata taabu na jambo hili hili linalomsumbua mama au baba jikoni kwake.

Kwa parafini, changanya gramu 50 hadi 100 za stearini katika kila kilo moja. Isitumiwe katika kalibu za mpira, kwani huzila na kuziharibu mapema. Nta ya nyuki haihitaji stearini. Yenyewe ni ngumu ya kutosha.

KALIBU IFAAYO

Kalibu njema ina mambo matatu. Kwanza, mdomo wake uwe mpana kuliko kitako chake, au angalau sawa nacho. Chupa yenye shingo nyembamba haifai, maana nta ikishaganda humo haina njia ya kutokea ila kuivunja chupa. Pili, ukuta wa ndani uwe laini. Kopo la bati lenye mikunjo, kama makopo mengi ya maziwa ya unga, huishika nta katika kila mkunjo. Tatu, isiwe na mbonyeo. Kopo lililobonyea upande mmoja ni kama mlango ulioingia kabari.

Kwa mishumaa, bomba laini la bati hufaa sana. Mwanzi mkavu nao hufaa: upasuliwe katikati kwa urefu, ulainishwe ndani kwa msasa, kisha pande mbili zifungwe pamoja kwa kamba. Nta ikipoa, kamba hufunguliwa na mwanzi hufunuka kama ganda. Katoni ya karatasi iliyopakiwa maziwa au maji ya matunda pia ni kalibu nzuri ya mara moja; ikishaoshwa na kukauka humiminwa nta, na baadaye huchanwa na kutupwa. Hapo hakuna cha kuvuta.

Kwa vikeki, hakuna kalibu bora kuliko zile za silikoni ambazo watu huokea keki ndogo au hugandishia barafu. Huinama, hupinduka, na nta haishikamani nazo kwa urahisi. Kalibu za plastiki ngumu hukubali, ila hupata mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni ukucha wa kuishika nta. Ndiyo maana twasema: kisu kisiingie katika kalibu hata siku moja. Anayekwangua leo apate kikeki kimoja, kesho atapoteza kumi.

Kalibu iliyotumiwa kwa nta isirudishwe kwenye chakula. Itiwe alama na kuwekwa mahali pake.

USAFI NA UKAVU

Kabla ya kumimina, futa kalibu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Utando mwembamba wa nta ya jana ni gundi ya nta ya leo, maana nta ya moto huuyeyusha na kuungana nao. Kalibu ya bati yaweza kuchovywa katika maji ya moto sana ili utando huo uyeyuke, kisha ifutwe mpaka ing'ae. Maji hayo yasimwagwe katika sinki. Nta itaganda ndani ya bomba na kuliziba. Yaache yapoe, uiondoe nta iliyoelea, ndipo uyamwage.

Kalibu iwe kavu kabisa. Tone la maji lililobaki hugeuka mvuke nta ya moto inapolifikia, nalo huacha shimo katika uso wa mshumaa.

Je, kalibu ipakwe mafuta? Kwa silikoni, hapana. Kwa bati na mwanzi, yafaa kupaka mafuta ya kupikia kidogo sana: tone moja au mawili katika kitambaa, kisha kufuta tena kwa kitambaa kikavu kana kwamba unataka kuyaondoa yote. Kinachobaki chatosha. Mafuta yakizidi huacha vidoa na mifereji juu ya mshumaa. Kwa nta ya nyuki, wafugaji wa nyuki wana desturi yao iliyojaribiwa miaka mingi: wanapotengeneza shuka za nta za kuwekea mizingani, huvilowesha vyombo vyao kwa maji ya sabuni, na nta haishiki. Katika kalibu ya mwanzi au ya mbao, pangusa maji ya sabuni kwa sifongo, uikung'ute mpaka pasibaki tone, ndipo umimine.

KUYEYUSHA: MSAADA WA VILIMA VYETU

Nta isiwekwe juu ya moto moja kwa moja. Tia maji katika sufuria kubwa, uweke ndani yake chombo kidogo chenye nta, na maji yachemke taratibu.

Hapa wakazi wa Kigali wana bahati ambayo wengi hawaijui. Pwani, kama vile Dar es Salaam au Mombasa, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kigali iko kwenye kimo cha takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Juu ya kilima cha Rebero huchemka chini kidogo ya hapo. Kwa hiyo nta iliyo katika maji yachemkayo haiwezi kupita joto hilo. Hata hivyo nta ya nyuki isiachwe humo muda mrefu, maana ikipita nyuzi 85 huanza kupoteza rangi yake nzuri. Ikishayeyuka yote, iondoe. Na maji yasiachwe yakaisha katika sufuria: yakikauka, kinga yote imetoweka.

Manukato yatiwe baada ya chombo kutolewa motoni, yakorogwe polepole kwa dakika mbili. Kipimo kisizidi gramu 60 katika kilo moja ya nta. Wako wanaodhani kwamba harufu ikizidi ndipo bidhaa inakuwa bora. Mafuta ya manukato hulainisha nta. Yakizidi, kikeki hutoa jasho, hukataa kuwa kigumu, na hubaki kimegandamana na kalibu. Mchaichai, mkaratusi na jeraniamu, mmea ambao hulimwa na kukamuliwa mafuta hapa Rwanda, ni harufu zinazofaa nyumbani. Pima kwa mizani wala usikisie kwa jicho.

KUMIMINA

Parafini imiminwe katika kalibu ya bati ikiwa na nyuzi 75 hadi 80. Nta ya nyuki nyuzi 70 hadi 75. Nta ya soya ya vikeki nyuzi 60 hivi. Kipimajoto cha jikoni ni kitu cha kununua mara moja, nacho hulipa gharama yake upesi. Nta iliyopoa mno huganda ikigusa ukuta, ikafanya pete na mikunjo inayoshika. Nta ya moto mno hulainisha kalibu ya plastiki na kushikamana nayo, na ikisinyaa hupasuka katikati. Kabla ya kumimina, ipashe joto kidogo kalibu ya bati kwa kuiweka karibu na jiko, isiwe baridi ya kuishtua nta.

Mimina taratibu, mfululizo, bila kusita. Usijaze hadi ukingoni. Nta iliyomwagika juu ya ukingo na kuganda nje huwa ndoana inayoukamata mshumaa mzima. Hali kadhalika tundu la utambi lililo chini ya kalibu lizibwe vizuri kwa udongo wa mfinyanzi. Nta ikivuja hapo huganda kama kifungo.

Kosa moja lastahili kutajwa peke yake, kwa sababu huwapata hata wenye uzoefu. Mshumaa unapopoa, katikati hubonyea, na mtu hulazimika kujazia nta mara ya pili. Afanye hivyo, lakini nta ya pili isipite mstari wa ile ya kwanza. Wakati huo mshumaa umekwisha kusinyaa na kuacha upenyo mwembamba kati yake na ukuta. Nta ya pili ikipita mstari, hutiririka katika upenyo huo na kuziba nafasi ile ile ambayo ingeuwezesha mshumaa kutoka. Mishumaa mingi inayolaumiwa kwamba imekataa kutoka iligundishwa hapa.

KUPOZA

Weka kalibu juu ya ubao, mahali pasipo na upepo. Usiku wa Kigali aghalabu hushuka hadi nyuzi 15 au 16, na huko juu Rebero upepo huvuma sana; kalibu iliyowekwa dirishani hupoa upande mmoja kabla ya mwingine, na mshumaa hupinda au hupata ufa. Funga dirisha, na kwa mshumaa mnene funika kalibu kwa kitambaa kizito.

Vikeki viachwe kwa saa mbili. Mishumaa iachwe usiku kucha. Asubuhi, ndipo baridi inapokuwa rafiki: weka kalibu katika jokofu kwa dakika 10 hadi 15, au, kwa asiye na jokofu, izungushie maji baridi katika beseni. Baridi hii ya mwisho huisinyaza nta kidogo zaidi na kuibandua. Isiwekwe katika sehemu ya kugandishia barafu ikasahauliwa, maana itapasuka. Na nta ambayo bado ni vuguvugu isitiwe baridini kwa haraka.

KUTOA

Sasa kazi ni nyepesi. Kalibu ya silikoni vutwa kingo zake kidogo pande zote, hewa iingie, kisha kikeki kisukumwe kutoka chini kwa kidole gumba. Kalibu ya bati ipinduliwe na kugongwa kwa kiganja. Ondoa kwanza udongo wa tundu na nta yote iliyo nje, ndipo uvute utambi bila kutumia nguvu nyingi.

Kama haikutoka, soma dalili zake:

1. Ukisikia nta inacheza ndani lakini haitoki, kuna nta iliyoshika ukingoni au kwenye tundu. Iondoe.

2. Ikiwa haichezi kabisa, irudishe baridini kwa dakika 10 nyingine. Jaribu mara mbili.

3. Ikiwa uso wake unanata kidoleni, manukato yamezidi au haijapoa. Iache hadi kesho yake.

4. Ikiwa imetoka na vipande vimebaki ukutani, kalibu ilikuwa chafu au ina mikwaruzo.

5. Ikiwa imetoka na nyufa, ilipozwa kwa haraka.

6. Ikiwa yote yameshindikana, ichovye kalibu ya bati katika maji ya moto kwa sekunde chache. Uso wa mshumaa utayeyuka na utatoka, ingawa hautang'aa. Ukikataa hata hapo, iyeyushe nta yote katika maji na uanze upya.

Nta ya kuyeyusha upya haipotei, lakini tusijidanganye kwamba hakuna hasara. Chukua kilo moja ya nta iliyomiminwa katika vikeki vya gramu 40: vitatoka 25. Vikivunjika 8, karibu theluthi ya kazi imerudi jikoni. Mkaa au gesi utaungua tena, siku nyingine itapita, na manukato, ambayo ndiyo ghali kuliko nta, yatapungua kwa kupashwa moto mara ya pili. Faida ya kazi hii ndogo ni nyembamba, na hukaa katika hivyo vikeki 8. Vikitoka vyote, hata fedha kidogo zaweza kupelekwa akiba. Wanajeshi na polisi wa Rwanda wanayo benki yao ya Zigama CSS, ambayo jina lake lenyewe kwa Kinyarwanda huhimiza kuweka akiba.

Kwa kufungia bidhaa, tukumbuke sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja. Karatasi au jani kavu la mgomba hufunga kikeki vizuri, nalo jani hupendeza.

MISHUMAA YA APRILI

Kuna mishumaa ambayo haifai kuhesabiwa faida. Rebero ndipo walipozikwa wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa sababu waliyapinga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hukumbukwa hapo kila tarehe 13 Aprili, siku ya kufunga juma la maombolezo lianzalo tarehe 7. Katika mikesha ya majira hayo mshumaa hushikwa mkononi, na mara nyingi mkono huo ni wa mtoto aliyesimama kando ya wazazi wake.

Mshumaa wa kushikwa mkononi haufai kuwa na ufa hata mdogo. Uliotolewa kwa kuvutwa huweza kuonekana mzima mezani, kumbe ndani umekatika, ukashikiliwa na utambi tu. Ukiwashwa na kuinamishwa huvunjika, na nta ya moto humwagikia vidoleni. Kila mmoja ushikwe ncha zote mbili na kujaribiwa kupindwa kidogo. Ukilegea katikati, uyeyushwe. Iliyo mizima ipitishwe katika duara la karatasi nene, la kukinga matone. Mwenye kukusudia kutengeneza mishumaa hiyo aanze mwezi Machi, maana kazi ya kuikimbiza usiku wa mwisho ndiyo inayozaa nyufa.

HADHARI YA MOTO

Nta ni mafuta. Ikipata joto la nyuzi 200 hivi hutoa mvuke unaoweza kushika moto. Ikiwaka, usiimwagie maji kamwe. Maji hulipuka kuwa mvuke na kuirusha nta inayowaka hadi darini. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko wake au kwa kitambaa kizito kilicholoweshwa na kukamuliwa, na usiifunue mpaka ipoe. Moto ukizidi, toa watu nje na uite kikosi cha zimamoto cha Polisi ya Rwanda. Nta ikimwunguza mtu, mkono utiwe katika maji safi ya baridi kwa dakika 20 kabla ya kujaribu kuibandua, kisha apelekwe kituo cha afya ikiwa jeraha ni kubwa.

Watoto wadogo wasiwe jikoni wakati wa kuyeyusha na kumimina. Waitwe asubuhi yake, wakati wa kutoa. Nta ni baridi, hatari imekwisha, na mtoto aweza kuzivuta kingo za kalibu na kuona vikeki vikimdondokea kiganjani kimoja baada ya kingine. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo kila mmoja nyumbani aweza kuifanya, na mtoto aliyejifunza kungoja nta ikapoa yenyewe hatahitaji kufundishwa mara ya pili.